Nzuri Isiyo Nzuri: Uhakiki wa Istilahi za Kupima Hali ya Sarafu

Utangulizi

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kukutana na istilahi za sayansi, sheria, uchumi na utawala. Fani hizo ni kubwa, na ni haki zitangulie. Lakini lugha haikui kwa mambo makubwa peke yake. Zipo fani ndogo ndogo zisizo na kamati wala mtaala, ambazo huokota maneno yake popote yanapopatikana, na makosa ya maneno hayo hulipwa na watu wa kawaida kwa fedha zao wenyewe. Fani ya kukusanya sarafu za zamani ni mojawapo. Katika makala haya nakusudia kuihakiki ngazi ya maneno ambayo wakusanyaji na wafanyabiashara wa ng'ambo huitumia kueleza hali ya sarafu, kuonyesha kasoro za ujenzi wake, na kueleza kwa nini hatuna budi kukataa kuitafsiri neno kwa neno.

Nianze na kisa. Kijana mmoja niliyepata kumfundisha alirithi kwa bibi yake mkebe wa sarafu za zamani. Humo mlikuwa na senti za tundu na shilingi chache za simba, yaani sarafu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919. Akapendezwa nazo, akataka kuzikamilisha. Akaagiza kwa mfanyabiashara mmoja wa ng'ambo shilingi ya mwaka 1921, ambayo katika orodha iliandikwa herufi G. Alipotazama maelezo ya herufi hizo aliona kwamba G ni kifupi cha neno la Kiingereza ambalo kila mtoto wa shule hulijua kuwa ni "nzuri". Akalipa. Ilipofika, simba alikuwa amebaki kivuli tu na milima iliyo nyuma yake ilikuwa haionekani. Kijana akaandika kulalamika. Akajibiwa kwa adabu kwamba sarafu aliyopelekewa ni ya daraja la G barabara, wala hakuna kosa lililotendeka. Nami nilipoikagua niliona kwamba yule mfanyabiashara alisema kweli. Aliyekosa ni neno.

Kisa hakikuishia hapo. Baadaye kijana huyo huyo alisoma mahali fulani, kwa Kiswahili, kwamba "sarafu safi hupata bei ya juu". Akachukua ndimu na majivu, akazisugua senti za bibi yake kama bibi mwenyewe alivyokuwa akisugua sinia za shaba. Ziling'aa. Lakini mng'aro wa kusuguliwa humjulisha mkusanyaji mzoefu kwa mtazamo wa kwanza kwamba ngozi ya sarafu imeondolewa, na ngozi hiyo hairudi. Neno la kwanza lilimpotezea fedha. La pili lilimharibia urithi.

Ngazi yenyewe

Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kuiona, ngazi inayotumiwa na wanaofuata Kiingereza huenda hivi, kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa zipo sarafu ambazo ni shida hata kuzitambua. Juu yake huja G, ambayo kwa maana ya neno ni "nzuri". Kisha VG, "nzuri sana". Kisha F, neno lenye maana ya "bora" au "safi ya kupendeza". Kisha VF, "bora sana". Kisha EF, ambayo Wamarekani hupenda kuiandika XF, "bora kupita kiasi". Kisha AU, "karibu isiyotumika". Na mwisho UNC, "isiyotumika", ambayo Marekani huitwa pia MS, yaani "katika hali ya kiwandani".

Sasa tutazame vitu vyenyewe tuyaache majina. Sarafu ya G ni sarafu iliyopita mikononi miaka mingi hata picha yake ikabaki mstari wa nje tu, na pengine herufi za pembeni zimeanza kuungana na ukingo. Ya VG ina umbo kamili, lakini nakshi za ndani ni chache mno. Ya F imepoteza takriban nusu ya nakshi zake. Ya VF ina nakshi nyingi, ila sehemu zilizoinuka zimesawazika. Ya EF imelika kwenye vilele tu. Ya AU ina alama ndogo ya kuguswa juu ya vilele, na sehemu kubwa ya mng'aro wake wa asili ingali ipo.

Msomaji ataona mara moja ajabu ya ngazi hii. Sarafu ambayo mtu yeyote mwenye macho angeiita iliyochakaa, jina lake ni "nzuri". Sarafu iliyopoteza nusu ya sura yake huitwa "bora". Katika madaraja saba niliyoyataja, matano yana majina ya sifa, na sifa hizo huanzia mahali ambapo uzuri umekwisha.

Asili ya kasoro

Kasoro hii si ya Kiingereza peke yake. Wajerumani wana herufi S, ambayo ni neno lao la "nzuri" kwa maana ya kupendeza macho. SS ni "nzuri sana". VZ ni "bora mno". Wafaransa wana B, "nzuri". TB, "nzuri sana". TTB, "nzuri sana sana". Na SUP, "ya fahari". Waitaliano nao wana neno la "nzuri" na neno la "nzuri kabisa" katika ngazi yao. Mataifa haya yote yamejenga ngazi kwa mbao zile zile za sifa.

Lakini mbao hizo hazikupigwa misumari mahali pamoja. S ya Wajerumani hulinganishwa na F ya Waingereza, na SS hulinganishwa na VF. Kwa Wafaransa, TB ndiyo iliyo sawa na F, na TTB ndiyo iliyo sawa na VF. Kwa hiyo "nzuri sana" ya Mjerumani ni VF, na "nzuri sana" ya Mfaransa ni F, daraja moja zima chini yake. Nayo "nzuri sana" ya Mwingereza, yaani VG, iko chini zaidi. Mfasiri wa Kiswahili akizifasiri orodha tatu za nchi hizo kwa uaminifu wa neno kwa neno, ataandika "nzuri sana" mara tatu, na atakuwa ametaja hali tatu mbalimbali za chuma. Huu ndio ushahidi ulio wazi kwamba maneno haya hayana maana ya kiistilahi ndani yake. Maana yao imo katika kawaida ya wafanyabiashara wa kila nchi, na neno lenyewe limekuwa ganda tu.

Yalipataje kuwa hivyo? Anayeandika hali ya bidhaa katika orodha ya mauzo ni muuzaji. Muuzaji hapendi kusema kwamba mali yake imechakaa. Husema kwamba ni nzuri. Akija mwenzake mwenye kitu kilicho bora kidogo, halina budi kutafutwa neno lililo juu ya "nzuri". Na wa tatu atahitaji lililo juu ya hilo. Hivyo kila neno jipya lililoongezwa juu lilisukuma yale ya zamani chini, mpaka "nzuri" ikajikuta karibu na jaa. Maneno ya sifa hushuka thamani kama noti zinazochapishwa kupita kiasi. Wahenga wetu waliliona jambo hili bila kuhitaji orodha yoyote waliposema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Je, namba zimeponya ugonjwa?

Wapo watakaosema kwamba maneno haya hayana haja ya kutusumbua kwa kuwa siku hizi sarafu hupimwa kwa namba. Ni kweli kwamba namba zipo, na yafaa tuzijue asili yake. Mwaka 1949 Mmarekani William H. Sheldon alitoa kitabu juu ya senti kubwa za shaba za nchi yake za miaka ya 1793 hadi 1814, na humo akaweka kipimo cha 1 hadi 70. Kusudi lake lilikuwa la bei: sarafu ya daraja la 70 iwe na thamani mara sabini ya ile ya daraja la 1 ya aina ile ile. Bei za sokoni hazikukubali kufungwa kwa hesabu hiyo, na kanuni ikafa. Lakini namba zikabaki. Mwaka 1977 chama cha American Numismatic Association kilichapisha kanuni rasmi za kupima sarafu za Marekani zilizotumia kipimo hicho. Kampuni za kupima sarafu kwa malipo na kuzifunga ndani ya vifuko vigumu vya plastiki, PCGS iliyoanza kazi mwaka 1986 na NGC ya mwaka 1987, zikakieneza duniani.

Msomaji asishangae basi akiuliza kwa nini ngazi iishie 70 na si 100, au kwa nini EF ianzie 40 na hali ya kiwandani ianzie 60. Hakuna jibu katika chuma. Jibu limo katika bei za senti za shaba za nchi moja, zilizokwisha kupitwa na wakati. Aidha, namba hazikuyaondoa maneno. VF huenda toka 20 hadi 35, na anayeandika 20 huandika kwanza VF. Namba imepakwa juu ya neno kama rangi mpya juu ya ukuta wenye ufa. Nazo namba humdanganya anayeanza kwa njia yake: huona 60 kati ya 70 akadhani ni alama ya mtihani, kumbe 60 ni sarafu isiyopata kutumika kabisa lakini yenye mikwaruzo mingi iliyotokana na kugongana na wenzake mifukoni, na huenda macho yakapendezwa zaidi na sarafu ya 58 iliyoguswa kidogo tu.

Silaumu namba kwa kuwa namba. Nalaumu dhana kwamba tarakimu huleta usahihi mahali ambapo fasili haipo.

Mitego minne ya tafsiri sisisi

Tugeukie sasa lugha yetu. Zipo njia nne ambazo tafsiri ya papo kwa papo inaweza kutuangusha, na nimezisikia zote vinywani mwa watu.

Mtego wa kwanza ni neno "nzuri", ambalo nimekwisha kulieleza. Niongeze hili tu: Mwingereza aliyezoea orodha huenda hadanganyiki na neno lake kwa sababu amelisikia katika kawaida yake toka zamani. Sisi hatuna kawaida hiyo. Kwetu neno lingali na maana yake yote. Tukilikopa kwa tafsiri, tutakuwa tumekopa uongo bila ya ile desturi iliyoupunguza makali.

Mtego wa pili ni "safi". Neno hili huvutia kwa kuwa hutumiwa na watu kwa kila kitu kinachoridhisha. Lakini safi ni tokeo la kusafisha. Ukimwambia mtu kwamba sarafu safi ndiyo yenye thamani, umemwambia aisafishe. Kinyume chake ndicho wakusanyaji wanachokitaka: ule utandu mwembamba wa hudhurungi au wa kijivu unaojitanda juu ya shaba na madini ya fedha kwa miaka mingi huilinda sarafu na huushuhudia umri wake. Istilahi inayomtuma mtu kuharibu kitu kinachopimwa ni istilahi mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Mtego wa tatu ni "isiyotumika". Neno hili lina maana mbili katika Kiswahili. Sarafu isiyotumika yaweza kuwa ile ambayo haijapata kutumika kamwe, na yaweza kuwa ile ambayo haitumiki tena. Heller za Wajerumani hazitumiki. Senti za tundu hazitumiki. Pesa za Seyyid Barghash zenye picha ya mizani, za mwaka 1299 wa Hijra, hazitumiki. Kwa maana hiyo mkebe mzima wa bibi umejaa sarafu "zisizotumika", nazo zimelika zote. Mjukuu atazitangaza hivyo kwa moyo mweupe, na atakayezinunua atamwita mwongo.

Mtego wa nne ni lile neno la Kiingereza ambalo kamusi hulieleza kuwa "uthibitisho" au "ushahidi", nao wakusanyaji hulitumia kwa sarafu zilizopigwa chapa kwa uangalifu wa pekee: vibati hung'arishwa, chapa hung'arishwa, na kipigo hurudiwa kwa nguvu ili uwanja uwe kama kioo na picha iwe na weupe wa umande. "Sarafu ya ushahidi" ni maneno ya mahakamani. Kubwa zaidi, anayeanza hulidhania kuwa ni daraja la juu kabisa la ngazi, hali si daraja bali ni namna ya kutengeneza. Sarafu za hifadhi ya wanyama za Tanzania za mwaka 1974, ya shilingi 25 yenye twiga na ya shilingi 50 yenye kifaru, zilitolewa kwa namna zote mbili, ya kawaida na hiyo ya pekee. Ile ya pekee ikitiwa mfukoni pamoja na funguo kwa mwezi mmoja, itakuwa imelika. Lakini haitaacha kuwa sarafu iliyopigwa kwa namna ya pekee.

Mambo matatu yasichanganywe

Mtego huo wa nne watufikisha kwenye kiini. Ngazi ya wageni hukosea kwa kuwa huvuta mambo matatu mbalimbali katika kamba moja.

Jambo la kwanza ni kulika: kile ambacho vidole, mifuko na meza za maduka zimekiondoa. Jambo la pili ni chapa: jinsi sarafu ilivyotoka kiwandani, kabla mtu hajaishika. Jambo la tatu ni dosari: kile ambacho sarafu imefanyiwa, kama kukwaruzwa, kutobolewa, kusuguliwa, au kuliwa na kutu.

Kwa nchi yetu tofauti ya mawili ya kwanza si ya nadharia. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, utawala wa Wajerumani ulipokuwa umezingirwa, sarafu zilipigwa Tabora kwa zana za kubahatisha. Miongoni mwake zilikuwamo sarafu za heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Nyingi kati ya zile za heller 20 zilitoka na chapa hafifu: sehemu ya taji au ya maandishi haikupata kutokea tangu siku ya kwanza. Anayeipima sarafu ya namna hiyo kwa ngazi ya Marekani atahesabu nakshi zilizokosekana, kisha ataishusha daraja kana kwamba imelika. Kumbe haikupoteza kitu; haikupewa.

Vivyo hivyo katika jambo la tatu. Senti kumi za Bodi ya Sarafu zilikuwa na tundu katikati kutoka kiwandani, pembe za ndovu zikilizunguka. Riale ya Maria Theresa, iliyotumika pwani yetu katika karne ya kumi na tisa, haikuwa na tundu; lakini wanawake walizitoboa nyingi wakazivaa. Kiingereza cha wakusanyaji hakina haja kubwa ya kutofautisha matundu haya, kwa kuwa sarafu za Uingereza na Marekani hazikuwa na desturi ya tundu. Sisi tunayo haja hiyo. Na tunayo maneno: tundu la chapa, na tundu la kutobolewa.

Riale hiyo hiyo hutufundisha jambo jingine. Uhabeshi na katika nchi za Bahari ya Shamu watu walioipokea walikuwa na njia yao ya kuipima. Walitazama kishikizo kilicho begani pa Malkia na kuhesabu lulu zake. Zikionekana tisa, wazi wazi, riale ilipokewa. Zikiwa zimefutika, ilitiliwa shaka. Hawakuiita nzuri wala bora. Walitaja mahali, wakatazama kilichosalia. Wafanyabiashara hao, ambao wengi wao hawakusoma maandishi yaliyo juu ya sarafu, walikuwa na kipimo kilicho safi kiistilahi kuliko orodha za London na Paris.

Mapendekezo

Kanuni ninayoipendekeza, basi, ni hii: istilahi ya hali ya sarafu isisifu, itaje kilichosalia. Kwa kuifuata kanuni hiyo natoa ngazi ifuatayo, nikianzia chini.

Bapa: nakshi zimesawazika na uwanja, sarafu yatambulikana kwa shida. Hili ni la zile zilizo chini ya G.

Kivuli: picha imebaki mstari wa nje, maandishi yasomeka japo yameanza kugusa ukingo. Hili ni G.

Umbo: umbo la picha ni kamili, ukingo ni mzima, nakshi za ndani ni chache. Hili ni VG.

Nusu nakshi: takriban nusu ya nakshi za ndani zaonekana, na maandishi yote ni dhahiri. Hili ni F.

Nakshi: nakshi nyingi zipo, miinuko imesawazika. Hili ni VF.

Vilele butu: nakshi zote zipo, ni ncha za miinuko tu zilizolika. Hili ni EF.

Mguso: alama hafifu ya kuguswa juu ya vilele, mng'aro wa chapa ungalipo kwa sehemu kubwa. Hili ni AU.

Isiyopata kutumika: hakuna alama yoyote ya kulika. Hili ni UNC au MS.

Kando ya ngazi hiyo, wala si ndani yake, pawe na maneno ya chapa: chapa kamili, chapa hafifu, na chapa teule kwa zile sarafu za pekee nilizozitaja. Pawe pia na maneno ya dosari: iliyokwaruzwa, iliyotobolewa, iliyosuguliwa, yenye kutu. Utandu usiwekwe katika dosari. Hivyo heller ya Tabora itaandikwa "vilele butu, chapa hafifu", na msomaji atajua mara moja kipi kilichotokea kiwandani na kipi mikononi mwa watu. Nazo senti za yule kijana zingeandikwa "nakshi, iliyosuguliwa": maneno mawili yanayosema ukweli mchungu bila ya kumfedhehesha mtu.

Nimechagua "isiyopata kutumika" ingawa ni ndefu, kwa kuwa kitenzi kupata katika nafasi hiyo hufunga mlango wa maana ya pili. Nimechagua "mng'aro wa chapa" ili kuutenga na mng'aro wa ndimu. Wajerumani nao, kwa sarafu zilizo katika daraja lao la juu, wana neno lenye maana iyo hiyo, na hapo walitenda vyema kuliko mahali pengine. Na nimeepuka maneno sana, mno na kiasi, kwa sababu hayo ndiyo yaliyowaponza wenzetu. Neno la kadiri halina kikomo. Daima laweza kuongezwa jingine juu yake.

Pingamizi

Najua yatakayosemwa. Kwanza, itasemwa kwamba biashara ya sarafu ni ya dunia nzima, na mkusanyaji asiyejua VF hatauza wala kununua. Nakubali. Ndiyo maana nimeweka herufi za wageni kando ya kila neno. Mwanafunzi wa kemia hujifunza alama za dunia nzima huku akieleza kwa Kiswahili kinachotendeka ndani ya chupa. Herufi VF zibaki kuwa alama. Maana yake aipate kwa lugha yake.

Pili, itasemwa kwamba hakuna muuzaji atakayekubali kuiita mali yake "kivuli". Huenda. Lakini istilahi haiundwi kwa ajili ya muuzaji peke yake. Daktari haulizi mgonjwa apende jina la ugonjwa wake. Tena neno "kivuli" si tusi: shilingi ya kivuli ya mwaka 1921 ni halali kabisa kuikusanya, ni nafuu kwa anayeanza, na imezunguka masoko mengi kuliko ile iliyolala sandukuni. Atakayeinunua akijua ni kivuli hatajuta.

Tatu, itasemwa kwamba ngazi yangu nayo ina ukungu. Kwamba nusu ya nakshi haipimwi kwa rula. Hili ndilo pingamizi zito, wala sina jibu la kulimaliza. Naweza kusema tu kwamba ukungu wangu uko juu ya kitu kinachoonekana. Watu wawili wakibishana kama sarafu ni "bora" au "bora sana", wanabishana juu ya ladha zao. Wakibishana kama nakshi zilizosalia ni nusu au zaidi, wataishika sarafu, wataisogeza kwenye mwanga, watatazama nywele zilizo juu ya sikio katika kichwa cha Mwalimu kwenye shilingi ya mwaka 1966, au moto wa mwenge ulio upande wa pili, na mmoja wao huenda akakubali kwamba amekosea. Kukubali huko ndiko tunakotafuta katika istilahi yoyote.

Hitimisho

Sarafu za Tanzania za mwaka 1966 ziliandikwa thamani yake kwa Kiswahili: senti tano, senti ishirini, senti hamsini, shilingi moja. Lugha yetu imo juu ya chuma tangu wakati huo. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtoto wa nchi hii anayetaka kueleza hali ya sarafu iliyoandikwa kwa Kiswahili analazimika kuazima sifa za wachuuzi wa ng'ambo, na kuzilipia.

Kazi iliyobaki si yangu peke yangu. Mafundi wa fedha wa Unguja, Lamu na Mombasa wanayo maneno ya kuelezea chuma kilicholika ambayo sijayapata. Walimu wa sanaa wanayo ya nakshi. Na wazee waliozishika senti za tundu sokoni walikuwa na namna yao ya kuikataa ile iliyofutika. Maneno hayo yakusanywe na kulinganishwa na haya niliyoyatoa, na lililo bora lishinde. Mpaka hapo, anayeanza kukusanya sarafu na ashike neno moja tu la tahadhari: akiona imeandikwa kwamba sarafu ni nzuri, asilipe kabla hajauliza ni kipi kilichosalia juu yake.